Kulipa Mara Nne: Kusoma Maandiko kama Mwongozo wa Dhamiri na Imani

(Mada iliyowasilishwa katika semina ya viongozi wa jumuiya na vikundi vya kusoma Biblia)



1. Utangulizi

Nimeombwa niseme jinsi Maandiko Matakatifu yanavyomwongoza mtu katika undani wake. Mada hii ni pana, nami nimeona niitetee hoja moja tu. Maandiko huiongoza dhamiri pale yanapomfikisha msomaji kwenye matendo mawili: kukiri kosa lake kwa kinywa chake, na kumrudishia jirani kile alichomdhulumu. Usomaji unaweza kutupa faraja, machozi na nyimbo nzuri. Usipotufikisha kwenye matendo hayo mawili, dhamiri bado haijaguswa.

Sisi tunaosoma Kiswahili hatuna udhuru wa kukosa kitabu. Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alianza mwaka huo huo kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Kazi ya Askofu Edward Steere na wenzake kule Unguja ilitupatia Agano Jipya mwaka 1879, na Biblia nzima ikatoka mwaka 1891. Tafsiri ya Union Version, ambayo wengi wetu tumekua tukiisikia ibadani, ilikamilika mwaka 1952. Leo Biblia hiyo imo hata katika simu ya kijana anayesubiri daladala. Kitabu kimefika. Linalobaki ni kujua kinatufanya nini tukishakifungua.

2. Dhamiri nayo inahitaji kuongozwa

Husemwa mara nyingi kwamba mtu afuate dhamiri yake, kana kwamba dhamiri haikosei. Mtume Paulo hakufundisha hivyo. Katika Warumi 2:15 anaeleza kwamba hata wasio na Torati wana sheria iliyoandikwa mioyoni, na dhamiri yao inaishuhudia. Kwa hiyo kila mwanadamu anayo. Lakini katika 1 Wakorintho 8 anazungumzia dhamiri dhaifu, inayomwona mtu ana hatia pasipo hatia. Na katika 1 Timotheo 4:2 anataja dhamiri iliyochomwa kwa chuma cha moto hata ikafa ganzi. Tunaye basi shahidi wa ndani ambaye ni wa kweli, lakini anaweza kuogopa kupita kiasi, na anaweza pia kunyamaza kabisa.

Dhamiri iliyonyamaza ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu mwenye nayo hujisikia vizuri. Hakeshi usiku macho wazi, haoni aibu, na akisoma Biblia hujiona yuko upande wa wenye haki: akisoma habari za Mafarisayo humkumbuka jirani yake, akisoma habari za mwana mpotevu humkumbuka shemeji yake. Mtu wa namna hii anaweza kuimaliza Biblia nzima kwa mwaka mmoja na bado asikutane na nafsi yake hata mara moja. Ndiyo maana inafaa tutazame jinsi Maandiko yenyewe yanavyomfikia mtu wa aina hiyo.

3. Wafalme watatu mbele ya Neno

Daudi. Habari zake zimo katika 2 Samweli 11 na 12. Mfalme amemchukua Bathsheba, mke wa Uria, na Uria amewekwa mbele kwenye vita vikali hadi akafa. Bathsheba amekwisha kujifungua, wala hatuambiwi kwamba katika miezi hiyo yote mfalme alipoteza usingizi. Nabii Nathani anapokuja hamsomei amri ya kutoua wala ya kutozini. Anamletea kesi: tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi amemnyang'anya maskini mwanakondoo wake wa pekee ili amwandalie mgeni. Daudi anawaka hasira. Anasema mtu huyo anastahili kufa, na lazima alipe mwanakondoo huyo mara nne.

Hukumu hiyo Daudi hakuitunga mwenyewe. Ni sheria ya Kutoka 22:1: aliyeiba kondoo akamchinja au akamuuza, atalipa kondoo wanne. Mfalme anaijua Torati kwa moyo, na anaitumia barabara. Kasoro ni kwamba anaielekeza kwa mtu mwingine. Ndipo Nathani anamwambia kwamba mtu huyo ni yeye.

Tuitazame njia aliyopita Nathani. Angemshtaki Daudi moja kwa moja, mfalme angepata nafasi ya kujitetea. Ile kesi ilimwacha aseme ukweli kwanza, kwa uhuru na kwa nguvu zake zote, kabla ya kujua kwamba anajisema mwenyewe. Masimulizi mengi ya Biblia hufanya kazi kwa njia hiyo, na mifano ya Yesu zaidi ya yote. Humwalika msomaji ahukumu, kisha humgeuzia hukumu yake mwenyewe. Kwa hiyo hasira yetu tunaposoma ni dalili ya thamani. Unapojikuta umemkasirikia sana mtu fulani katika Maandiko, hapo ndipo pa kusimama na kujiuliza: ni wapi nami nimefanya hivi?

Yosia. Katika 2 Wafalme 22, mwaka wa 18 wa kutawala kwake, kuhani Hilkia anakiona kitabu cha Torati hekaluni wakati wa matengenezo. Mwandishi Shafani anakipeleka ikulu na kukisoma mbele ya mfalme. Yosia anararua mavazi yake. Lakini hatoki pale pale na kuanza kutoa amri kwa kufuata mchomo wa moyo wake. Anatuma watu wakamwulize Bwana, nao wanakwenda kwa Hulda, nabii mwanamke aliyekaa Yerusalemu. Hulda anathibitisha kwamba maneno ya kitabu ni kweli, na kwamba moyo laini wa mfalme umeonekana mbele za Mungu. Yosia anatufundisha kwamba mguso wa ndani, hata ukiwa wa kweli, hupimwa na mtu mwingine. Mfalme mzima alikubali kusikia tafsiri kutoka kwa mama aliyejaliwa neno.

Yehoyakimu. Huyu ni mwana wa Yosia, na habari zake zimo katika Yeremia 36. Ameketi katika nyumba ya wakati wa baridi, makaa yanawaka mbele yake. Gombo aliloandika Baruku kwa kinywa cha Yeremia linasomwa. Kila zinaposomwa safu tatu au nne, mfalme anazikata kwa kisu na kuzitupa motoni, hata gombo lote likateketea. Watumishi wake hawakuogopa wala kurarua mavazi yao. Baba alirarua nguo. Mwana alikata kitabu. Lakini sura hiyo haiishii kwenye makaa. Yeremia alichukua gombo lingine, Baruku akayaandika maneno yale yale upya, na mengi zaidi yakaongezwa.

Hakuna kati yetu atakayeichoma Biblia. Lakini kisu cha Yehoyakimu kinatumika hata bila moto. Hutumika tunaporuka sura zinazotugusa na kubaki na zile tunazozipenda. Hutumika pia fungu moja linapokatwa kutoka mahali pake na kusambazwa kwenye simu kila asubuhi. Yeremia 29:11, kwa mfano, hupendwa sana kama ahadi ya mafanikio ya haraka. Barua ambamo fungu hilo limo ilipelekwa kwa wafungwa walioko Babeli, ikiwaambia wajenge nyumba, wapande bustani na kuuombea amani mji wa adui zao, kwa sababu kurudi kwao kungengoja miaka 70. Aliyesoma barua nzima hupata tumaini lenye saburi. Anayesoma kipande hupata tumaini litakalomvunja moyo baada ya mwezi mmoja.

4. Mazoezi ya waliotutangulia

Kanisa lina hazina kubwa ya mazoezi ya kusoma. Nitachukua manne, kila moja kutoka kwa mtu mmoja.

Katika karne ya 12, Guigo wa Pili, mkuu wa watawa Wakartusi wa Grande Chartreuse huko Ufaransa, aliandika barua fupi juu ya ngazi ya watawa yenye vidato vinne: kusoma, kutafakari, kusali, na kukaa mbele za Mungu kwa utulivu. Yeye alifananisha kazi hiyo na kula: kusoma ni kutia chakula kinywani, kutafakari ni kukitafuna, kusali ni kuipata ladha yake, na kidato cha nne ni ule utamu wenyewe unaomburudisha mlaji. Vikundi vyetu vingi hutia kinywani na kumeza. Sura tatu zimesomwa, muda umekwisha, tumetawanyika. Dhamiri hufanya kazi katika kutafuna.

Wa pili ni Augustino. Mwaka 386, akiwa bustanini huko Milano, alisikia sauti ya mtoto ikimhimiza achukue na kusoma. Akafungua nyaraka za Paulo, akakutana na Warumi 13:13–14, na mashaka yake yakaisha. Wengi huchukua habari hii kuwa kibali cha kufungua Biblia popote na kuweka kidole. Wanasahau kwamba Augustino alikuwa amesikiliza mahubiri ya Askofu Ambrosi kwa muda mrefu, amemsoma Paulo kwa bidii, na alijua vizuri sana ni dhambi gani alikuwa anaikimbia. Fungu lile lilimkuta ameandaliwa. Yeye mwenyewe, katika barua aliyoandika baadaye, alisema haimpendezi desturi ya kutafuta majibu ya shughuli za dunia kwa kupiga kura na kurasa za Injili.

Wa tatu ni Ignasio wa Loyola. Alivunjwa mguu na mzinga vitani Pamplona mwaka 1521. Akiwa kitandani aliomba vitabu vya mashujaa. Akaletewa maisha ya Kristo na maisha ya watakatifu. Akawa anajichunguza. Alipowaza sifa za dunia alifurahi, lakini baadaye alibaki mkavu. Alipowaza kumfuata Kristo alifurahi, na furaha ilibaki hata mawazo yalipopita. Hapo alijifunza kupima kinachobaki moyoni baada ya kusoma, kwa kuwa msisimko wa wakati wa kusoma peke yake si kipimo. Hili ni somo kwa kizazi chetu, kilichozoea mahubiri ya kelele na vyombo vya muziki.

Wa nne ni Dietrich Bonhoeffer. Kuanzia mwaka 1935 aliongoza chuo kidogo cha kuandaa wachungaji wa Kanisa la Ungamo huko Finkenwalde, Ujerumani, hadi polisi wa Hitler walipokifunga mwaka 1937. Kila asubuhi wanafunzi walitakiwa kukaa nusu saa kimya na fungu fupi la Biblia, fungu lile lile kwa wiki nzima. Baadhi yao walilalamika kwamba hawajui la kufanya katika nusu saa hiyo. Bonhoeffer hakulegeza. Wakati huo huo, Wakristo wengi wa nchi hiyo, wenye Biblia ile ile katika tafsiri ile ile ya Luther, walikuwa wakimshangilia mtawala aliyewatesa Wayahudi. Bonhoeffer, aliyempinga mtawala huyo, aliuawa tarehe 9 Aprili 1945. Kimya kile cha asubuhi kilikuwa sehemu ya malezi ya dhamiri iliyoweza kukataa wakati kukataa kulikuwa na gharama.

5. Uamsho wa Afrika Mashariki, na somo la Rwanda

Huku kwetu tunao ushahidi wa karibu. Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, walikutana Kampala wakaketi kuisoma Biblia pamoja na kusali. Katika miaka ya 1930 moto wa Uamsho ulienea kutoka Gahini hadi Uganda na Burundi, kisha Kenya na Tanganyika, Bukoba ikiwa mojawapo ya milango yake. Wimbo wa Tukutendereza ukavuka mipaka ya lugha na madhehebu. Kati ya waliolelewa na Uamsho huo ni Askofu Festo Kivengere wa Uganda, aliyepata kufundisha shule Dodoma, na Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri la Ulimwengu, 1977 hadi 1984.

Alama ya Uamsho ilikuwa matendo yale mawili niliyoyataja. Ndugu walitubu wazi mbele ya wenzao, wakiita dhambi kwa jina lake. Kisha walirudisha: vyombo vilivyoibwa kazini, fedha zilizochukuliwa kwa hila, ng'ombe wa jirani. Wazungu na Waafrika waliombana msamaha, jambo zito katika zama za ukoloni. Hawa walisoma Hesabu 5:7 wakaifanya. Fungu hilo linaagiza mkosaji aungame dhambi yake, arudishe kitu kizima kizima, na aongeze sehemu ya tano juu yake.

Lakini uaminifu unanilazimisha niendelee na historia hiyo. Mwaka 1994, katika nchi ile ile ambamo Uamsho ulianza, yalifanyika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Watu waliokimbilia makanisani Ntarama na Nyamata wakitafuta hifadhi waliuawa humo humo. Wengi wa waliouawa na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa na kulisikia Neno tangu utoto. Wapo Wakristo waliowaficha jirani zao, na baadhi yao walilipa kwa maisha yao. Kumbukumbu yao ni takatifu. Hata hivyo swali linabaki: iliwezekanaje Neno lisikike Jumapili kwa miaka mingi kiasi hicho, na chuki ya kabila ibaki mahali pake?

Sidai kwamba nina jibu lote. Mauaji yale yalikuwa na chanzo katika siasa, historia ya ukoloni, propaganda na woga. Lakini kwa upande wetu sisi walezi wa usomaji, naona jambo moja. Dhamiri inaweza kufundishwa kuona dhambi za chumbani na chupani, yaani uzinzi na ulevi, na isifundishwe kuona dhambi ya kumhesabu mtu wa kabila lingine kuwa si mtu. Mtu huungama alichofundishwa kukiona. Nathani hakuishia kwenye zinaa ya Daudi. Aliutaja upanga uliomwua Uria, na Uria alikuwa Mhiti, mtu wa kabila la kigeni. Damu yake ilidaiwa sawasawa na damu ya Mwisraeli.

6. Mahali pa imani

Huenda mtu akauliza: tukisoma kwa namna hii, Biblia haitakuwa kitabu cha kututisha tu? Hapa ndipo imani inapoingia.

Turudi kwa Daudi. Alihukumu kulipwa mara nne, lakini deni lake halikulipika. Uria hangeweza kurudishwa kutoka kaburini. Zaburi ya 51, ambayo kichwa chake kinaitaja ziara ya Nathani, ni sala ya mtu ambaye hana tena cha kurudisha. Hatoi udhuru. Anaomba moyo safi, jambo ambalo Mungu peke yake huliumba. Ingekuwa ni dhamiri peke yake, Daudi angekimbia au angemwua Nathani, kwani uwezo huo alikuwa nao. Imani ndiyo iliyomfanya abaki mbele ya neno lililomfichua, akiamini kwamba anayemhukumu ndiye huyo huyo anayeweza kumsamehe.

Sasa tumwangalie Zakayo, katika Luka 19. Hakuna aliyemhubiria sheria ya wizi. Yesu alimwita kwa jina na kujialika nyumbani kwake, na watu wakanung'unika. Kwa kupokelewa namna hiyo, Zakayo akasimama mwenyewe akasema: nusu ya mali kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atamlipa mara nne. Ile mara nne iliyotoka kinywani mwa Daudi kama hukumu kwa mtu mwingine, sasa inatoka kinywani mwa mtoza ushuru kama ahadi juu yake mwenyewe. Na ahadi hiyo haikuinunua neema. Ilikuja baada ya Yesu kukwisha kusema kwamba atashinda kwake. Imani humpa mtu usalama wa kutosha aweze kukiri bila kuangamia, na dhamiri humzuia asiigeuze neema kuwa mahali pa kujifichia. Moja bila nyingine hulemaza.

7. Mapendekezo

Kwa msingi huo napendekeza yafuatayo kwa vikundi tunavyoviongoza.

Kwanza, tusome kidogo na kwa kurudia. Kikundi kikae na simulizi moja mwezi mzima, kila wiki kikisimama mahali pa mtu mwingine ndani yake. Katika habari ya Daudi, wiki moja tusimame upande wa Uria, nyingine upande wa Bathsheba, nyingine upande wa Yoabu, jemadari aliyepokea barua ya Daudi ya kumwua Uria na kutii.

Pili, kimya kirudishwe. Dakika kumi bila wimbo, bila mahubiri, kila mtu na swali lake. Mwanzoni watu wataona ni muda mrefu sana. Wanafunzi wa Finkenwalde nao waliona hivyo.

Tatu, tuilinde hatua ya sita. Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, shirikisho lao la Afrika Mashariki, walizipa kipaumbele mwaka 1976, nyingi hutumia njia ya hatua saba iliyoandaliwa na Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini. Hatua ya sita ni ya kujadili Neno linatutaka tufanye nini. Mara nyingi hatua hiyo humezwa na matangazo, michango na ratiba ya msiba. Hayo yafanyike baada ya sala ya mwisho. Muda wa hatua ya sita utumike kujibu swali moja: nani anatudai? Mfanyakazi wa ndani ambaye hajalipwa mshahara, mjane aliyenyang'anywa shamba na ndugu wa marehemu, jirani tuliyemsemea uongo: hao wana majina, na wengine wanakaa mtaa wetu.

Nne, maungamo yawe na staha. Uamsho umetufundisha nguvu ya kutubu wazi, lakini kumshinikiza mtu afichue siri zake mbele ya umati kunaweza kumjeruhi, na kunaweza kumwanika mtu mwingine ambaye hakukubali kutajwa. Dhambi iungamwe mbele ya aliyekosewa, na mbele ya padre, mchungaji au mzee wa kanisa anayejua kutunza siri. Kurudisha kufanyike kwa mwenye mali.

Tano, kila kikundi kiwe na Hulda wake: mtu mkomavu, mwanamume au mwanamke, ambaye anayesema amesikia sauti ya Mungu atakubali kwenda kumwuliza kabla ya kuacha kazi, kuvunja ndoa au kuuza kiwanja.

8. Hitimisho na maswali ya majadiliano

Kipimo ninachowaachia kiko wazi, na kinaweza kutumika katika parokia, usharika au nyumba yoyote. Baada ya mwaka mmoja wa kusoma pamoja, tusihesabu sura tulizomaliza. Tuulize ni nani amerudishiwa haki yake kwa sababu sisi tulisoma. Kama yupo, Neno linafanya kazi kati yetu. Kama hayupo, tusiache kusoma. Tubadili namna tunavyosoma.

Kwa majadiliano ya vikundi, naomba tuanze na maswali haya:

(a) Ni sehemu zipi za Biblia ambazo kikundi chetu hakijawahi kuzisoma pamoja, na ni nini kinachotufanya tuziruke?

(b) Ni dhambi zipi tumewafundisha vijana wetu kuziona haraka, na ni zipi hatujawahi kuwafundisha kuziona? Tuzungumze wazi kuhusu ukabila, rushwa na haki za wajane.

(c) Mtu wa jumuiya yetu akitaka kurudisha alichodhulumu leo, atamwendea nani, na sisi tumejiandaa kumsaidia kwa njia gani?